Timu ya Vyungu Viwili

Mpira wa miguu siupendi, na wajukuu zangu wanadhani ni kwa sababu sielewi sheria zake. Sheria nazielewa sana. Nimeishi na kapteni wa timu, nimefua fulana za timu nzima mpaka vidole vikachubuka, na nimesikiliza ubishi wa mabeki na mafowadi huku nachochea kuni na moshi unaniingia machoni. Siupendi kwa sababu uliniaibisha mbele ya watu wa miji miwili, Mbeya na Iringa, na aibu ile niliibeba peke yangu huku wenye timu wakipeana mikono.

Nilikuja Mbeya katika miaka ya hamsini, bibi harusi kutoka milima ya Rungwe, nikiwa na sanduku la mbao na woga mwingi. Mume wangu alikuwa karani katika stoo ya idara ya barabara, kijana mwembamba aliyeipiga suruali yake pasi ya mkaa mpaka ungedhani itasimama yenyewe. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa fundi seremala katika idara hiyohiyo. Wote wawili walicheza timu moja. Mwana alikuwa winga na kapteni. Baba alikuwa beki wa kulia, na ndiye aliyeianzisha timu pamoja na wenzake wa rika lake, walipofika mjini kutafuta kazi kabla mume wangu hajaota hata meno.

Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo la kujivunia, baba na mwana kuvaa fulana moja. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule lilikuwa jambo la kuinamisha kichwa. Watu wa rika moja walijenga pamoja, walikula pamoja, na vijana walipokua walihamia upande wao na kuwaachia wazee upande wao. Baba hakula na mwanawe. Ndiyo maana kila mechi ilipoisha vilipikwa vyungu viwili. Wakongwe walikaa upande huu wa uwanja na ndizi zao, vijana upande ule na za kwao, na katikati palibaki uwazi ambao hakuna aliyeuvuka hata kuomba chumvi. Uwanjani walipeana pasi, kwenye chakula walipeana mgongo. Mimi nilipika chungu cha vijana.

Chungu cha wakongwe nisingeweza hata kukisogelea, kwa sababu ya baba mkwe. Mwanamke wa Kinyakyusa alimkwepa baba wa mume wake kama moto. Hakumtazama, hakulitaja jina lake, hakupita njia aliyokuwa akipita. Akimwona anakuja, alijitosa majanini na kujifunika khanga mpaka apite. Wajukuu zangu hucheka wakisikia haya, nami nawaacha wacheke, maana sijui ningeanzia wapi kuwaeleza kwamba ndani ya kule kukwepana mlikuwa na heshima, tena na upole wa aina yake.

Baba mkwe wangu alikuwa mpole. Mji ule ulikuwa na vichochoro vingi, na vichaka vya kujificha vilikuwa vichache, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kufika kwenye kona. Alikohoa mara mbili, kavu, si kwa ugonjwa. Nikisikia kikohozi kile nilijua nina nafasi ya kuingia mlango wowote ulio karibu, hata kama ni wa mtu nisiyemjua, na kusimama humo nikiutazama ukuta. Mwenye nyumba akiniuliza nataka nini, nilimwambia, "Mkwe anapita," naye alielewa. Uso wa baba mkwe sikuujua. Miguu yake niliijua kuliko ya mume wangu. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kwanza pale mjini kujua kwamba magoti yake yameanza kuchoka, maana mguu wa kulia ulianza kuburuta kokoto mwaka mzima kabla mtu yeyote hajasema neno uwanjani.

Ubishi ulikuwa huu. Kila mwaka timu yetu ilicheza na timu moja ya Iringa kugombea kikombe, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao. Kikombe kilikuwa kwetu. Kilikaa dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa nguo, Mwislamu ambaye baba yake alitoka Kilwa, na ndiye aliyetununulia fulana. Lakini tulianza kushinda kwa taabu, tena kwa bahati. Wakongwe sita walikuwa bado wamo kikosini, na vijana wa shule ya misheni waliokuwa wakicheza kandokando ya uwanja walikuwa wanawazidi mbio hata wakiwa wamevaa ndala za matairi.

Mkutano ulifanyika kwetu, kwa sababu nyumba ya kapteni ilikuwa na meza. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya ukuta wa mabanzi, nimeupa ukuta mgongo kwa kuwa baba mkwe alikuwamo ndani. Macho yalikatazwa. Masikio hakuna aliyenikataza.

"Tuisuke upya timu," alisema mume wangu. "Tutafungwa mwaka huu, pengine na mwaka ujao. Baada ya hapo hakuna atakayetuweza."

"Na kikombe kilale Iringa miaka yote hiyo?" aliuliza mwenye duka. "Mimi fulana niliwapa mshinde, bwana. Timu ya kujifunzia nendeni mkawaombe mapadri."

Mtu mmoja akasema basi wachanganye, waingie vijana wawili watatu, watoke wazee wawili watatu, polepole. Mtu mwingine akacheka kidogo. Kuchanganya ndiko kulikotuletea vyungu viwili. Kila kijana aliyetakiwa kuingia alikuwa mtoto wa mmoja wa wakongwe, au mtoto wa ndugu yake. Kila aliyeingia aliongeza aibu. Kwetu jambo lile lilikuwa na njia mbili tu, wazee wabaki wote au watoke wote.

Hapo golikipa, mkongwe mwenye sauti nzito aliyekuwa rafiki wa baba mkwe tangu utoto, alizungumza taratibu. "Sisi tutatoka siku tukitaka. Kwetu baba ndiye anayemkabidhi mwana. Mwana akiomba kukabidhiwa, anaomba msiba." Nikasikia kiti kikigeuzwa, nikajua sasa anamgeukia baba mkwe. "Na wewe, ndugu yangu, usije ukatoka peke yako kimyakimya. Ukitoka, tutajua nani kakutuma. Rungwe nzima itajua."

Nilisikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe cha chai muda mrefu, sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Kilikuwa kijiko cha mume wangu. Mwishowe wakaamua kama watu wanavyoamua wakichoka: waende Iringa na kikosi kilekile, watetee kikombe, mengine yatazungumzwa baadaye.

Wageni walipoondoka mume wangu alikuja jikoni akakaa juu ya gogo la kuni, na suruali yake ile.

"Mzee anashuka ngazi kinyumenyume," aliniambia. "Magoti yamekwisha."

"Si umwambie apumzike."

"Nimwambie nini? Afe?"

Alikuwa amesema kweli. Zamani kwetu, wazee walipowatoa vijana wao na kuwakabidhi nchi, ilisemekana chifu mzee hakukaa sana baada ya hapo. Mwana aliyeharakisha siku ile alihesabiwa mchawi. Mume wangu aliipenda timu, alimpenda na baba yake, na hakukuwa na sentensi hata moja ambayo angeweza kuitamka bila kumkosea mmoja wao.

Tulikwenda Iringa kwa lori mwezi wa saba, wakati wa baridi. Wanawake tulichukuliwa kwa ajili ya kupika. Baba mkwe alikaa mbele na dereva, mimi nikawekwa mwisho kabisa nyuma, nimetazama barabara tuliyotoka, nimejifunika, na vumbi lote la Igawa na Makambako likaishia kwenye khanga yangu. Mke wa golikipa alinitania kwamba nitafika Iringa nimeshakuwa kichuguu. Nilicheka. Sikujua kwamba ndicho kicheko changu cha mwisho katika safari ile.

Mechi ilichezwa upande wa Kihesa, kwenye uwanja wenye mteremko. Wenyeji walitandika mikeka kando ya mstari, na wanawake wote wakakaa hapo. Mimi nilikaa nikiupa uwanja mgongo. Watu wa Iringa walishangaa kuona mwanamke aliyesafiri siku nzima kuja kutazama miti ya mikaratusi. Mama mmoja wa Kihehe, mke wa mchezaji wao, alikuja akakaa karibu yangu.

"Kamwene, dada. Umegombana na mpira?"

Nilimweleza. Aliitikia kwa adabu, kisha akajipa kazi ya kunisimulia mchezo. Alikuwa msimuliaji mzuri kuliko yeyote niliyekuja kumsikia redioni baadaye. Kupitia kwake nilijua kwamba Iringa wamemleta winga mpya, kijana wa Igowole, mwembamba, na kwamba kijana huyo amepangwa upande wa beki wetu wa kulia.

"Kampita babu," alisema. Mara watu wakaguna. "Kampita tena. Sasa anamsubiri ageuke, halafu anampita. Mwe, huyu mtoto hana huruma."

Bao la kwanza lilipita njia hiyo, na la pili vilevile. Baada ya la pili watu wakaanza kucheka kila mpira ulipokwenda upande wetu. Kicheko chenyewe hakikuwa kibaya, kilikuwa kile ambacho watu humcheka mlevi anayetafuta mlango wake. Vijana wa Iringa wakaanza kuimba, "Babu kalale, babu kalale." Mama yule wa Kihehe aliacha kusimulia. Nilimwuliza kulikoni, akasema hakuna kitu, mpira uko mbali. Nilijua anadanganya kwa heshima. Nilisikia mguu wa kulia ukiburuta nyuma yangu, ukienda na kurudi, na nikaona aibu mwili mzima, kama vile mimi ndiye niliyevaa bukta pale mbele za watu.

Kisha mpira ukatoka nje. Refa alipiga filimbi, na nikasikia watoto wakiukimbilia mbali, kule chini kwenye mteremko. Mchezo ulikuwa umesimama. Watu walikuwa wanazungumza mambo yao. Nikasikia miguu ile ikija upande wetu, taratibu, hatua za mtu anayetembea. Ikasimama nyuma yangu.

Akakohoa mara mbili.

Mwili wangu ulifanya ulivyozoea. Nilifumba macho, nikainama, mkono ukatafuta khanga. Halafu uzito ukaniangukia, bega na kifua na jasho la mtu mzima, tukabiringika wote kwenye mkeka na khanga ikatoka kichwani. Sikufumbua macho. Sikioni mwangu, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini sana, sauti iliyonisemesha kwa mara ya kwanza maishani iliniambia, "Unisamehe, mama."

Kisha akainuka, akasema kwa nguvu uwanja mzima usikie, "Nimemwangukia mke wa mwanangu."

Wanawake wa kwetu walipiga yowe wakatawanyika. Watu wa Iringa hawakuelewa, walidhani mtu kavunjika. Mimi nilibaki chini, uso kwenye mkeka, kichwa wazi. Kila mtu alikuwa ananitazama, na mtu pekee ambaye hakunitazama ni yule aliyekuwa anaondoka kwa mguu wa kuburuta kuelekea nyuma ya lori. Hakurudi tena uwanjani. Siku hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba wa kuingia, aliyetoka ametoka. Timu ilicheza pungufu mpaka mwisho, ikafungwa vibaya, na kikombe kikabaki Iringa.

Hakuna mtu aliyesema kwamba magoti ya beki ndiyo yaliyotufungisha. Walisema ni mkosi, na mkosi ulikuwa umekaa kwenye mkeka.

Mume wangu alikuja mbio, hakunigusa. Aliongea na mama yule wa Kihehe, si na mimi. Nisingeweza kupanda lori moja na baba yake tena, alisema, si kabla ya wazee kukaa. Nibaki kwa mwenyeji siku chache, kisha nipande basi. Aliyasema haya akitazama viatu vyake vya mpira. Lori likaondoka, na wanawake niliokuja nao hawakunipungia mkono.

Nilikaa kwa mama yule Kihesa. Alinipa maji ya moto ya kuoga na ugali na maharage, akaniacha nilie nilivyotaka. Asubuhi moja tulipokuwa tunachambua mboga, aliniuliza swali ambalo mtu wa kwetu asingeliuliza.

"Yule mzee alijikwaa kitu gani? Mimi nilikuwa namtazama. Hapakuwa na kitu."

"Mteremko," nilimwambia.

"Alikuwa anapanda, dada. Mtu anayepanda taratibu harushwi mbele namna ile."

Nilichambua mboga. Sikuhitaji kuambiwa. Mtu anayeanguka hakohoi kwanza. Alikuwa amenipa onyo kama alivyonipa siku zote, ili nisiuone uso wake, ili uchafu wa jambo lile uwe mdogo kadiri ilivyowezekana. Alihitaji sababu ya kutoka ambayo rika lake lingeikubali na ambayo isingemgusa mwanawe, na katika uwanja mzima sababu ilikuwa moja tu, imekaa kwenye mkeka imeupa mchezo mgongo. Nilimwelewa. Nilimwonea huruma. Tena nilikasirika, maana alikuwa ameazima heshima yangu bila kuniuliza, na mimi ndiye niliyekuwa nimebaki ugenini kwa watu.

Nilirudi Mbeya kwa basi, nimekaa kati ya magunia. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kufika kutoka Rungwe. Waliketi sebuleni, nami nikaketi jikoni nimewapa mgongo, na shangazi wa mume wangu akawa anatoka kwao kuja kwangu na kurudi, akibeba maneno. Ukoo ule ulikuwa na utaratibu wake katika jambo hilo. Sijui kama wengine waliufuata.

"Wanauliza," alisema shangazi, "ulimwona uso? Kama alikugusa tu na uso hukuuona, ni kuku na maji ya kunawa, yamekwisha, kila mtu arudi alipokuwa. Kama ulimwona uso, ni ndama, na mzee avue moja kwa moja kile alichokuwa amekivaa, na mahali alipoanguka asikanyage tena."

"Mahali pale, Iringa?"

"Uwanjani, mwanangu. Uwanja wowote."

Kumbe hukumu ilikuwa imefika kwangu. Wanaume wale walikuwa wamezunguka meza yangu wakashindwa, mwenye duka na fulana zake, golikipa na vitisho vyake, kapteni na kijiko chake, na sasa walikuwa wanangoja neno kutoka jikoni. Ukweli ulikuwa mfupi: sikumwona. Ningeusema, ningekuwa safi, na kuku yule ningemla kwa raha zangu. Baba mkwe angerudishiwa bukta yake, rika lake lingemsindikiza uwanjani kwa furaha, na mwaka unaofuata watoto wangemwimbia akalale hapa Mbeya mbele ya mafundi wenzake. Au siku moja mume wangu angechoka akamwambia, na jina lake likaharibika milele.

Upande wa pili ulikuwa mimi. Mwanamke aliyemwona mkwe wake uso, tena akiwa nusu uchi, si mwanamke wa kukaa naye karibu. Nilikuwa na mtoto mmoja tu. Walisema wanawake wa namna hiyo tumbo hufunga.

"Wanangoja," alisema shangazi.

"Nilimwona," nikasema.

"Uso?"

"Uso. Na macho yake."

Shangazi alifunika mdomo, akaenda. Nilisikia maneno yangu yakirudiwa sebuleni, kisha mtu akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Nilizijua pumzi zile, nilikuwa nalala karibu nazo kila siku.

Baba mkwe aliacha mpira siku ileile, na rika lake, kwa kuwa hawakutaka kucheza bila yeye na hapakuwa na mtu wa kumlaumu isipokuwa mke wa kapteni, wakaacha pamoja naye. Hakuna aliyesema mwana kamtoa baba. Vijana wa misheni wakaingia, wakawa wanakula chungu kimoja, mume wangu akiwa katikati yao anacheka mdomo umejaa. Sijawahi kumwona mwenye furaha vile. Kutoka kwa baba mkwe nililetewa ndama, kama ilivyoamuliwa, na juu ya ndama akaniletea kitu ambacho hakikuamuliwa na mtu: mlango wa jikoni, wa mninga, wenye komeo kwa ndani. Watu walishangaa, mbona mlango. Mimi nilitaka mtu aniambie asante, nikapewa mlango.

Mama yangu mzazi alikuja kutoka Rungwe, hakutaka kuingia ndani. Alisimama uani akaniuliza nilishindwa nini kugeuza kichwa, yeye aliyenifundisha kujifunika kabla hata sijajua kusuka ukili. Kwenye bomba la maji wanawake walinipisha nichote kwanza, wote, kila siku, na sijawahi kuona kupishwa kunakouma kama kule. Mtoto wa pili alichelewa. Alipochelewa sana, mke wa golikipa alinishauri, kwa wema kabisa, nimwombe mume wangu aoe mwingine. Nilikuwa nikijifungia kwa komeo lile na kuona aibu kwa jambo ambalo sikulifanya, na nilikuja kugundua kwamba aibu haiulizi kama ulifanya au hukufanya. Inakaa tu.

Mwaka uliofuata Iringa walikuja Mbeya. Sikwenda uwanjani. Nilisikia kelele nikiwa jikoni, na kutokana na kelele nilijua zinashangiliwa fulana zipi. Mume wangu alirudi jua likiwa bado liko juu, akavivua viatu mlangoni akavitupa. Walikuwa wamefungwa mabao sita. Vijana walikuwa wamekimbia kama swala, alisema, na hakuna hata mmoja aliyejua pa kusimama. Winga yule wa Igowole aliwachezea alivyotaka. Mwenye duka hakungoja hata mwisho, alikwenda kufungua duka lake.

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Alikaa kwenye gogo la kuni, kichwa mikononi, na nilimhurumia kweli.

"Mzee angekuwa pale nyuma," alisema, "hata na magoti yale, angewatuliza. Angewapanga. Miaka miwili tu zaidi ingetosha." Akainua uso akanitazama, na jicho lake halikuwa na ubaya wowote, lilikuwa na uchovu. "Hivi wewe, mke wangu, siku ile, ulishindwa hata kufumba macho?"

Mwiko ulisimama chunguni. Neno moja lingetosha. Angeinuka, angekwenda kwa baba yake na furaha kama ya mtoto, wazee wangeitwa tena, na bukta ingetoka sandukuni.

"Nilichelewa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayemsamehe mwingine, akavuta kigoda. Nikampakulia chakula.